Waya unatoa megabiti 40, Wi-Fi ya ghorofani haipiti 3: nyumba ya mawe, Mji wa Kale, Mombasa

Mfasiri wa Kibokoni

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Naomba msaada katika jambo lililonishinda kwa miezi mitatu sasa, na nitajitahidi kulieleza kwa ukamilifu ili atakayejitolea kunijibu asilazimike kuniuliza mara mbili mbili.

Ninaishi Kibokoni katika nyumba ya familia, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye sehemu ya chini na ghorofa mbili juu yake. Kuta ni nene. Nimepima kwenye dirisha la chumba changu nikapata sentimita 52. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa iliyoshindiliwa. Faiba inaingilia mlango wa mbele, kwa hiyo ruta imewekwa chini sebuleni, ndani ya kidaka kilicho karibu na mlango, kwa sababu soketi ya umeme iko hapo na mama hakutaka chombo chenye taa na nyaya kionekane ovyo mbele ya wageni.

Kifurushi chetu ni cha megabiti 40 kwa sekunde za kupakua na 10 za kupakia. Nikikaa sebuleni napata kati ya 30 na 36 kwa Wi-Fi. Nikipanda ghorofa ya kwanza ninashuka hadi 8. Ghorofa ya pili, katika chumba cha nyuma ninachofanyia kazi ya tafsiri na ukalimani, sipati zaidi ya 3, na kuna saa ambapo hata 1 haitimii. Wiki iliyopita, katikati ya kikao cha ukalimani kwa video, sauti ya mzungumzaji ilikatika, nikakosa sentensi mbili nzima, ikabidi niombe arudie mbele ya watu waliokuwa wakinitegemea. Kwangu mimi hilo ni suala la riziki.

Nimeshazima na kuwasha ruta mara nyingi. Nimebadilisha nenosiri na kuhesabu vifaa vilivyounganishwa, navyo ni 11, vyote vya nyumbani. Nimenunua ripita, kile kifaa cha kupokea mawimbi ya Wi-Fi na kuyarusha tena, nikaiweka juu ya meza yangu ya kazi. Tangu hapo simu inaonyesha vistari vyote vimejaa, lakini kasi imebaki ile ile. Fundi wa mtoa huduma alikuja, akachomeka kompyuta yake kwenye ruta kwa waya, akapata megabiti 40 kamili, akaniambia huduma haina kasoro, akaenda zake.

Sasa nimependekezewa njia mbili: kupanda hadi kifurushi cha megabiti 100, au kununua ruta kubwa yenye antena sita. Zote mbili ni gharama. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Fundi Waya

Wa alaykum salaam, ndugu Mfasiri. Ahsante kwa maelezo yaliyopangika. Tafadhali usinunue chochote kwa sasa, na hasa usipandishe kifurushi.

Sababu yangu ni ile megabiti 40 aliyoipata fundi kwa waya. Kipimo kile kimeondoa lawama kwa kila kitu kilicho nje ya nyumba yako: faiba, mtambo wa mtoa huduma na njia ya kwenda nje ya nchi. Maji yamefika kwenye tangi yakiwa na nguvu yake yote. Yanapotea kati ya tangi na bomba la ghorofani. Ukilipia megabiti 100, zote zitafika kwenye kidaka chako, na juu utaendelea kupata 3.

Kuhusu ripita, vistari unavyoviona kwenye simu vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na ripita tu, wala havikuelezi chochote kuhusu hali ya mawasiliano kati ya ripita yenyewe na ruta iliyo chini. Umeiweka mahali ambapo mawimbi tayari yamekufa, nayo inakurudishia kwa sauti kubwa kile kidogo inachokisikia. Isitoshe, ripita nyingi za bei nafuu hutumia redio moja kupokea na kutuma. Kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili kwenye chaneli ile ile, na kasi hupungua karibu kwa nusu hata pale mawimbi yanapokuwa mazuri.

Ili tusibahatishe, naomba upime mambo manne kisha uturudishie majibu. La kwanza ni nguvu ya mawimbi kwa desibeli katika kila sehemu ya nyumba, kuanzia mita moja kutoka kwenye kidaka hadi chumbani kwako. Zipo programu za simu za kuchunguza Wi-Fi zinazoonyesha namba hiyo, na utaiona ikiwa hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu: hasi 40 ni bora sana, hasi 67 bado inatosha kwa mazungumzo ya video, na ukivuka hasi 75 matatizo yanaanza. Programu hiyo hiyo itakuonyesha jambo la pili, yaani chaneli unayotumia, upana wake, na majirani wangapi wamekaa humo. La tatu, ikiwa kompyuta yako ni ya Windows, fungua dirisha la amri uandike `netsh wlan show interfaces`, usome kasi ya kupokea na ya kutuma; hiyo ni kasi ambayo kompyuta na ruta zimekubaliana hewani, na kasi halisi ya kazi huwa karibu nusu yake au zaidi kidogo.

La nne ndilo ninaloliamini kuliko yote. Ukiwa chumbani kwako, zima ripita, kisha tuma `ping -n 100 192.168.1.1`, au anwani yoyote iliyo ya ruta yako; amri hiyo hutuma vipande vidogo vya data, yaani pakiti, mara 100 na kupima kila jibu limechukua muda gani kurudi. Majibu hayo hayatoki nje ya nyumba. Yakichelewa au yakipotea, hakuna wa kumlaumu isipokuwa hewa ya nyumbani mwako.

Msafiri wa Likoni

Samahani kwa kuingilia kati, lakini je, jambo hili halihusiani na nyaya za baharini? Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu upande wa kusini, intaneti ya ukanda wetu iliyumba kwa siku kadhaa, na ruta zetu zote zilionekana nzima. Huenda ndugu yetu anasumbuliwa na msongamano wa nje saa za jioni.

Fundi Waya

Swali lako lina msingi, ndugu Msafiri, na waya wa bahari ukikatika huwa tunaliona. Hata hivyo tatizo la namna hiyo halichagui chumba. Wa sebuleni na wa ghorofani wangeumia sawasawa, na aliyechomeka waya angeumia pamoja nao. Huyu ana 36 chini na 3 juu kwa saa ile ile. Ili tulifunge jambo hili, Mfasiri apime pia kwa waya saa mbili usiku. Kipimo kikibaki karibu na 40, bahari tutaiacha ipumzike.

Mfasiri wa Kibokoni

Ndugu zangu, nimefanya yote niliyoelekezwa, na nimetumia jioni mbili ili nipate uhakika.

Kwa waya, saa mbili usiku, nilipata 39. Mita moja mbele ya kidaka mawimbi ni hasi 38. Nikisogea pembeni ndani ya sebule ile ile, hatua nne tu upande wa kushoto, yanashuka ghafla hadi hasi 55, jambo ambalo sikulitarajia. Mguuni mwa ngazi ni hasi 63, ghorofa ya kwanza hasi 72, na mezani kwangu hasi 84. Hayo ni ya bendi ya gigahezi 2.4. Bendi ya gigahezi 5 inaonekana sebuleni pekee. Nikifika katikati ya ngazi inatoweka.

Ruta inatumia chaneli ya 9 yenye upana wa megahezi 40. Nikiwa chumbani nimehesabu mitandao 17 ya majirani, mingi ikiwa kwenye chaneli za 6 na 11, na miwili tu kwenye chaneli ya 1. Kompyuta mezani inaonyesha kasi ya kupokea ya megabiti 13.5.

Katika ile ping ya mara 100, sebuleni majibu yote yalirudi, kwa wastani wa milisekunde 3. Chumbani yalipotea 9, na yaliyorudi yalichukua kati ya milisekunde 35 na 910. Nilipoiona ile 910 nilielewa kwa nini sauti ya watu hukatika.

Fundi Waya

Kikulacho ki nguoni mwako. Ping ya chumbani imetoa hukumu: pakiti 9 katika 100 zinapotea kabla hata hazijatoka nje ya mlango wako. Sasa tuzisome namba moja moja, kwa maana zinaeleza mengi kuhusu nyumba yako.

Kutoka hasi 38 hadi hasi 84 kuna tofauti ya desibeli 46. Desibeli haipandi sawasawa kama sentimita. Kila desibeli 10 ni kupungua mara kumi. Kwa hiyo nguvu inayofika mezani kwako ni ndogo takriban mara 40,000 kuliko ile ya mbele ya kidaka. Umbali peke yake hauwezi kueleza upungufu huo. Katika uwazi usio na kizuizi, ukitoka mita 1 hadi mita 10 unapoteza desibeli 20. Zile 26 zilizobaki zimemezwa na kuta na dari.

Tumbawe ni jiwe lenye vinyweleo, na chokaa nayo hunyonya unyevu. Nyumba iliyo hatua chache kutoka baharini ina kuta zinazohifadhi maji yenye chumvi mwaka mzima. Maji hunyonya mawimbi ya redio, na yakiwa na chumvi hunyonya zaidi. Ndiyo maana ukuta wenu wa sentimita 52 ni mzito kwa Wi-Fi kuliko kuta mbili za matofali membamba za nyumba za kisasa. Bendi ya gigahezi 5 hupata taabu zaidi, kwani kwa jumla mawimbi yenye masafa ya juu hupenya kwa shida zaidi, nawe umeiona ikikatikia kwenye ngazi.

Ile hasi 55 iliyokushangaza sebuleni imesababishwa na kidaka. Ruta imekaa ndani ya shimo la jiwe: nyuma yake jiwe, juu jiwe, pande zote jiwe. Uwazi ni mbele tu, kwa hiyo mawimbi yanatoka kama mwanga wa tochi, yanamulika kiti kilichoelekeana na kidaka, na anayekaa pembeni anapata yale yaliyogonga ukuta wa pili na kurudi. Leo jioni, kabla ya kutumia hata shilingi moja, itoe kidakani uiweke juu ya kabati, wazi, karibu na mguu wa ngazi kadiri waya wa faiba unavyoruhusu. Mweleze mama kwa heshima kwamba ni majaribio ya usiku mmoja. Uwe mwangalifu na waya wa faiba wenyewe: usiukunje kwa pembe kali, maana ndani yake ni kioo.

Sasa upana wa chaneli. Bendi ya gigahezi 2.4 ina upana wa megahezi 83.5 tu, na wewe umechukua 40, yaani karibu nusu ya barabara nzima katika mtaa ambao nyumba zinagusana. Chaneli ya 9 kwa upana huo inapishana na majirani wa 6 na pia wa 11. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu. Vilivyo kwenye chaneli zinazopishana nusu nusu mara nyingi havielewani, kila kimoja kinamsikia mwenziwe kama kelele. Rudisha upana hadi megahezi 20 na uhamie chaneli ya 1, ambako umesema kuna mitandao miwili tu. Kwa maandishi utaona kasi ya juu kabisa imepungua, lakini kwa matumizi itatulia.

Hatua hizi mbili zitakupa nafuu. Hazitakupa tiba, kwa kuwa jiwe litabaki kuwa jiwe. Ruta yenye antena sita haitakusaidia kwa sababu simu na kompyuta yako hazitaongezewa antena. Ruta inaweza kupaza sauti, ila ni lazima pia imsikie anayemjibu kutoka ghorofa ya pili. Tiba ni kupandisha waya hadi ghorofani na kuweka huko kituo cha pili cha Wi-Fi, ili mawimbi yasafiri ndani ya chumba na ukuta uachiwe shaba.

Mkaazi wa Mji Mkongwe

Ndugu Mfasiri, nakuandikia kutoka Unguja, katika nyumba ambayo kwa maelezo yako ni dada wa nyumba yenu. Nilipita njia hiyo hiyo, na ningependa kukuokoa na makosa niliyoyafanya.

Kabla ya waya nilijaribu vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Kwetu havikufaa kabisa: nyaya za umeme ni za vizazi tofauti zimeungwa ungwa, na juu na chini zinalishwa kutoka saketi tofauti, hivyo siku moja nilipata megabiti 15 na siku ya pili nikapata 2, kutegemea kama friji imewaka. Huenda kwenu pakawa tofauti, lakini azima kwanza kabla ya kununua.

Baadaye nilivuta waya, na kosa langu lilikuwa kununua kebo ya bei rahisi ambayo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Ilifanya kazi miezi michache, kisha ikaanza kukatika kila nilipofungua mlango ulioigusa. Omba kebo ya Cat 6 ya shaba tupu, kwaruza ncha yake kwa kisu dukani mbele ya muuzaji. Ikionekana nyeupe chini ya wekundu, irudishe. Jambo la pili ni chumvi ya hewa. Baada ya msimu mmoja niliitoa plagi iliyokuwa karibu na dirisha la upande wa bahari nikakuta vile vijino vya dhahabu vimeota ukungu wa kijani. Weka maungio yote ndani, mbali na dirisha, na usiache tundu lolote la kebo wazi.

La tatu, tafadhali msitoboe ukuta. Mawe haya hayana mpangilio kama matofali. Keekee ikigonga jiwe kubwa, chokaa iliyolishika inabomoka kipande kizima, na kulirudishia ni kazi ya fundi anayejua chokaa, ambao siku hizi ni wachache. Sisi tulipitisha kebo kwenye uwazi wa ngazi, tukaifunga kwenye mkono wa ngazi upande wa ukutani, na wageni hawaioni.

Fundi Waya

Bi. Mkaazi amenena vyema, nami naunga mkono kila neno. Naongeza kwamba Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo linalohifadhiwa, kwa hiyo jambo lolote la kugusa ukuta wa nje huulizwa kwanza kwa ofisi ya uhifadhi. Njia ya ngazi inakuepusha na hayo yote.

Kebo ya Ithaneti inakwenda hadi mita 100 bila kupoteza kasi, nawe hutahitaji hata 25. Hakikisha nyaya zote nane zimeshikwa kwenye plagi za ncha zote mbili. Zikishikwa nne tu, kebo bado itafanya kazi lakini haitavuka megabiti 100, na siku utakapopandisha kifurushi utaanza kumtafuta mchawi upya.

Kituo cha pili si lazima kiwe kipya. Kama kuna ruta ya zamani kabatini, itafaa, mradi ina Wi-Fi ya kizazi cha nne au zaidi. Iunganishe kwanza na kompyuta peke yake, uipe anwani ya 192.168.1.2 ili isigongane na ya chini, uzime kazi yake ya kugawa anwani, maana nyumba moja haigawiwi anwani na ruta mbili. Kisha chomeka kebo inayotoka chini kwenye mojawapo ya matundu ya kawaida, usitumie lile la rangi tofauti lililotengwa kwa intaneti. Ipe jina na nenosiri lile lile la mtandao wenu ili simu zihame zenyewe mtu anapopanda ngazi. Kwa gigahezi 2.4 itumie chaneli ya 6 au ya 11, kwani ile ya chini iko kwenye 1. Kwenye gigahezi 5 ndani ya chumba chako hutakuwa na mpinzani, kwa sababu kuta zile zile zilizokutesa zitakuzuilia majirani.

Mfasiri wa Kibokoni

Narudi na taarifa baada ya siku kumi.

Kuitoa ruta kidakani na kubadilisha chaneli kulichukua dakika ishirini, na mezani kwangu mawimbi yalipanda kutoka hasi 84 hadi hasi 76, kasi ikafika 9. Ghorofa ya kwanza ilipata 21. Mama alikubali ikae juu ya kabati baada ya kuona video za wajukuu wake zimeacha kukwama. Kidaka kimerudishiwa bakuli la kauri lililokuwa humo tangu enzi za bibi.

Jumamosi iliyopita tulipandisha kebo, mita 22, kwa njia ya ngazi kama alivyoshauri Bi. Mkaazi. Nilikwaruza ncha dukani. Kebo ya kwanza ilikuwa nyeupe ndani, ya pili ikawa shaba. Nimetumia ruta ya zamani tuliyokuwa nayo. Sasa mezani kwangu gigahezi 5 ni hasi 44, kasi ni 38, na katika ping 100 kwenda kwenye ruta ya chini hakuna hata moja iliyopotea.

Hata hivyo kuna jambo limebaki, na ndilo linaloniumiza zaidi kwa kuwa nilidhani nimeshavuka. Juzi saa mbili na nusu usiku, nikiwa kazini, sauti ilikatika tena kwa dakika kama tano. Nilipima papo hapo: kasi ya kupakua 31, mawimbi mazuri, ping ya ruta milisekunde 2. Ping ya kwenda 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje ya nyumba, ambayo kwa kawaida hairudi chini ya 100 wala haivuki 150, ilikuwa inarudi baada ya milisekunde 800 na zaidi. Kisha ikatulia yenyewe.

Mhandisi wa Mikindani

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hapa naona niseme, kwa sababu kipimo chako cha mwisho kimegawanya tatizo vizuri sana. Ping ya ruta ni 2, kwa hiyo hewa ya nyumbani imetoka hatiani. Ping ya nje ni 800 ilhali kasi ya kupakua ni nzuri. Hapo mimi hutazama upande wa kupakia, yaani zile megabiti 10.

Saa mbili na nusu usiku ndipo watu hurudi nyumbani, simu zao zinashika Wi-Fi, na picha na video zote za siku huanza kupanda kwenda kuhifadhiwa mtandaoni. Simu moja yenye video ndefu inatosha kuzijaza megabiti 10. Ruta ikizidiwa haitupi data mara moja. Inaipanga foleni, na foleni hiyo inaweza kuwa ndefu kiasi cha sekunde nzima. Sauti yako ya ukalimani ni vipande vidogo vidogo vinavyohitaji kupita mara moja, lakini vinasimama nyuma ya video ya harusi. Kuchelewa huko hakuonekani kwenye kipimo cha kasi kwa sababu kipimo cha kasi hakiulizi umesubiri muda gani. Kabla ya waya kupanda, tatizo hili lilikuwa limefichwa na lile kubwa.

Thibitisha hivi: anzisha ping ya mfululizo kwenda 8.8.8.8, kisha kwa makusudi pakia faili kubwa kutoka simu moja. Ping ikipanda hadi mamia ya milisekunde na kushuka mara unapositisha upakiaji, umempata. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta, sehemu ya usimamizi wa kasi, na kuweka kikomo cha kupakia kiwe 8.5 badala ya 10, ili foleni isijengeke kwenye mtambo usioutawala. Ruta yako ikiwa na chaguo la foleni zenye akili, ambalo huandikwa SQM, fq_codel au CAKE, liwashe. Hilo huwapa wenye vipande vidogo nafasi ya kupita kati ya wenye mizigo. Isipokuwa nalo, weka simu za familia zihifadhi picha usiku wa manane, zinapochajiwa.

Mfasiri wa Kibokoni

Ndivyo ilivyokuwa, Mhandisi. Nilipakia video ya gigabaiti 1 kutoka simu yangu na ping ikaruka kutoka 140 hadi 870. Nilipoisitisha ilirudi 140 ndani ya sekunde mbili. Ruta yetu haina foleni zenye akili, lakini ina kikomo cha kasi kwa kila kifaa. Nimeziwekea simu nne za nyumbani megabiti 1.5 za kupakia kila moja, ili hata zikipakia zote kwa pamoja zibakishe nafasi kwa kompyuta yangu, na ndugu zangu wamekubali kuhamishia picha zao saa sita za usiku.

Jana nilifanya kikao cha saa tatu, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, huku ping ikiendelea pembeni ya skrini. Kubwa kuliko zote ilikuwa 190. Sikukosa sentensi hata moja. Kifurushi kimebaki kile kile cha megabiti 40, na gharama yote imekuwa kebo na plagi zake. Ripita nimemrudishia mwenye duka, naye amekubali kuibadilisha kwa swichi ndogo ya mtandao ya matundu matano ambayo nitaifunga ghorofa ya kwanza, katikati ya ile kebo, kwa ajili ya televisheni ya mama.

Fundi Waya

Alhamdulillahi. Hiyo swichi iwe ya gigabiti, na utakapoikata kebo hapo katikati uache ziada ya nusu mita kila upande, ili plagi ikiota kutu siku za usoni uweze kuikata na kufunga nyingine bila kuvuta waya upya kutoka chini.